Router iliyokuwa inafungwa mgongoni pamoja na mtoto, Ikungi

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hili nimeliona kwa macho yangu, sikusimuliwa na mtu. Sina haja ya kuongeza chumvi, lenyewe lina chumvi ya kutosha.

Kazi yangu ni kufunga internet za majumbani, naishi Singida mjini. Dada yangu Anjela ameolewa kijiji kimoja huko Ikungi. Analima alizeti, anakamua mafuta na kuuza kwa oda za WhatsApp, wateja wake wengi wako Dodoma.

Kule shambani simu yake inashika network kwa kubahatisha. Akanunua zile router ndogo za betri. Ndani zina antena kadhaa, kwa hiyo zinashika pale simu inaposhindwa.

Sasa router yake ilikuwa na ugonjwa. Akiiweka juu ya gunia, signal safi kabisa. Akiibeba mwilini, signal inashuka. Nikamwambia nitapita niiangalie.

Kabla sijafika, akaipeleka kwa fundi mmoja pale Mkiwa njia panda. Ikarudi inapiga kazi popote. Akanitumia voice note ya kunicheka, eti huko mjini tunasomea nini.

Nikaja kwenda msimu wa kupiga alizeti. Nikamwamkia mama mkwe wake shikamoo, akaitika, na hata sijakaa akaanza habari za mjukuu. Mtoto ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Kila akibebwa mgongoni analia, akishushwa ananyamaza.

"Mtoto wa Kinyaturu akatae mgongo wa mama yake? Huyu ni tumbo," mama mkwe akasema. Walishampa kila dawa ya tumbo wanayoijua.

Mara Anjela akaja kutoka kupepeta, mtoto mgongoni, kilio kimoja. Akafungua khanga ili anipe nimpakate.

Router ikadondoka.

Nilidhani sijaona vizuri. Nikamuuliza, "Dada, hii inafanya nini humu?"

"Si ndiyo mfuko wangu huo. Nikiiweka chini kuku wanaipindua, vumbi nalo linaingia. Humo imetulia na mtandao umetulia."

Na msimcheke, wakuu. Mama zetu wakifungua mbeleko utakuta ufunguo, dawa, simu, vyote humohumo. Wamekuwa wakifanya hivyo tangu hatujazaliwa.

Nikaiokota. Ilikuwa ya moto mpaka nikaihamishia mkono wa pili. Nikainua kishati cha mtoto. Ubavuni kulikuwa na alama nyekundu ya pembe nne, saizi ileile ya router, na ngozi imeanza kutoa malengelenge.

Mama mkwe alikaa chini.

Hapa nisimame kidogo nieleze. Vifaa hivi vinarusha mawimbi ya redio, na kuna kikomo cha kiasi ambacho mwili wa mtu unaruhusiwa kupokea. Kifaa kikiwa na antena nyingi, haiwi kila antena na kikomo chake. Zile zinazorusha kwa pamoja zinagawana kimoja, kama familia inavyogawana sufuria moja ya ugali. Ndiyo maana baadhi ya vifaa vina sensor. Ikihisi mwili uko karibu, kifaa kinapunguza nguvu au kinahamia antena nyingine.

Yaani ile router haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inamlinda.

Nilikuwa na nyingine ya aina hiyohiyo kwenye begi. Nikafungua settings, kuna ukurasa unaonyesha nguvu ya kurusha. Yangu nikiisogezea kiganja, namba inashuka. Ya Anjela nikaibana tumboni kwangu, namba ikabaki juu vilevile. Niliogopa, sifichi.

Tukakimbilia kituo cha afya. Mganga akasema ngozi imeungua kwa joto la kifaa, itapona, akatupa dawa ya kupaka. Kuhusu mawimbi yenyewe hakutaka kubahatisha, na mimi humu sibahatishi.

Njiani wakati wa kurudi Anjela akasema, "Kumbe mwanangu alikuwa ananiambia."

Kesho yake nikaenda Mkiwa nikiwa na hasira zangu. Fundi akanipokea vizuri tu, tena kwa kujivunia.

"Kuna kidude kilikuwa kinaibana ile mashine," akasema. "Nimekiungia waya, sasa inaamini muda wote iko mezani. Nimewafanyia wengi, hakuna aliyerudi kulalamika."

Sikubishana naye. Nikamwonyesha picha ya ubavu wa mtoto na kumweleza ilikokuwa inakaa router.

Akaitazama ile picha, akaacha alichokuwa anafanya. Akachukua simu yake, akampigia mkewe. Pale barabarani kuna kelele za malori, kwa hiyo aliweka sauti ya juu.

"Router iko wapi?"

"Ninayo hapa shambani. Nimeifunga na mtoto. Unaitaka?"

"Mshushe," akasema. "Mshushe mtoto kwanza."

Hasira zangu zote zikaishia pale. Tulikaa wote wawili kwenye benchi lake, akawa anawapigia wateja wake, na mimi namsaidia kueleza. Wengine hawakupokea.

Nilichojifunza: kifaa kikipunguza nguvu ukikiweka mwilini, usikimbilie kwa fundi ili akitibu. Kiweke mbali na mwili, signal itarudi yenyewe. Anjela sasa ametundika yake kwenye mti wa uzio, na mtoto amerudi mgongoni, analala fofofo.

Mafundi mliomo humu, mmeshaletewa kazi kama hii? Mlifanyaje? Mwagikeni hapa, na mnaojua zaidi yangu nikosoeni.

Na wewe dada unayesoma huku una mtoto mgongoni, papasa kwanza uone umemfunga na nini.