Mke Niliyemzika kwenye Dansi la Maofisa

Kosa ni langu peke yangu. Msinitafutie shetani wa kumsingizia, maana siku hiyo shetani hakuwa na kazi. Kazi yote niliifanya mimi kwa mdomo wangu.

Jina nalificha, ingawa wa Tabora wakisoma watanijua. Mimi si mtu mdogo hapa mjini. Shule niliishia darasa la pili, nikabeba mizigo stesheni ya Kaliua hadi shingo ikaota sugu, na leo nina tanuri la mikate na lori langu mwenyewe. Kambi nzima ya jeshi inafungua kinywa kwa mkate wangu. Wako waliosoma hadi macho yakaingia miwani, na asubuhi wanapanga foleni kwangu!

Lakini niseme kweli, maana ndiyo iliyonileta hapa. Tanuri hilo halikusimama kwa jeuri yangu. Mke wangu, Mama Kulwa, binti wa Kwihara, ndiye aliyekanda unga miaka yote mimi nikiwa njiani, mara Kigwa kufuata kuni, mara Kaliua kufuata magunia. Mikono yake ina makovu ya moto hadi viwikoni. Makovu hayo yaliyonilisha ndiyo niliyoyaonea haya.

Ilikuwa hivi. Jeshi lilikuwa na sherehe yake, na Mkuu wa Kambi akaniletea kadi: dansi la maofisa, mesini, bwalo lao la kulia, uje na mkeo. Mimi! Mbeba mizigo wa Kaliua! Nikashonesha suti nyeusi, nikanunua na tai ya kipepeo.

Kisha nikaanza kuwaza ujinga. Wake za maofisa watakuja na magauni marefu, watacheza lile dansi la kushikana viuno. Mama Kulwa anajua ngoma za kwao tu. Atashika uma na mikono ile? Basi nikamwambia tumealikwa wanaume watupu. Aliwasha pasi ya mkaa akaninyooshea shati, akanifunga ile tai kwa mikono yake, akarudi nyuma kidogo kunitazama, akasema nimependeza.

Na moyo haukunichoma hata kidogo!

Nikampitia dada mmoja, nimwite Vero, jina si lake. Alikuwa karani wa ofisi, amekaa Dar es Salaam, dansi analijua na maneno anayajua. Msimlaumu. Nilimwambia mke wangu anaumwa na kadi inataka watu wawili. Aliniuliza kama mgonjwa mwenyewe anajua. Nikamjibu, "Ndiye aliyekutaja."

Ndani ya mesi, jamani! Sakafu unajiona sura. Bendi ya matarumbeta, maofisa na medali vifuani, wanaitana ndugu huku na ndugu kule, lakini hakai mtu mpaka Mkuu akae. Nikaingia nimemshika Vero mkono, watu wakageuka. Nilijiona nimefika. Mkuu akaja na mkewe kutusalimu, nami bila kuulizwa nikatamka, "Huyu ndiye mke wangu." Na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Pembeni ya Mkuu alisimama Meja mmoja, Mzaramo. Mimi simjui. Kumbe zamani, akiwa na cheo kidogo, ndiye aliyekuwa akija tanurini kuchukua mikate ya kambi siku nikiwa safarini. Baadaye akahamishiwa kusini, na ndiyo kwanza alikuwa amerudi. Aliposikia mimi ndiye mwenye tanuri, akacheka.

"Mkeo? Na mtani wangu Mama Kulwa umempeleka wapi?"

Niwaeleze msiojua. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipobeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huku hadi pwani. Aliyeanguka njiani alizikwa na hao Wazaramo waliokuwa karibu. Ndiyo maana mtani akikutukana unacheka, akichukua kuku wako unanyamaza, na ukifa ni yeye anayekuja msibani kuigiza vituko vyako hadi wafiwa wacheke. Msiba ambao watani hawajaufikia haujaisha.

Hayo nayajua toka utoto. Ila Mkuu alikuwa ananitazama, mkewe ananitazama, Vero ananitazama. Ningesema tu, yuko nyumbani. Neno dogo hilo! Aibu yake ingelala siku moja ikafa.

"Ni marehemu," nikasema.

Kicheko kikamfutika Meja usoni. Mkuu akanipa pole, mkewe akanipa pole. Bendi ikaanza dansi la polepole, na Vero akauchomoa mkono wake kwenye wangu.

"Uliniambia anaumwa," akasema.

Hatukucheza hata wimbo mmoja. Alitaka arudishwe kwao. Kabla hatujatoka Meja alinifuata mlangoni, macho yamemwiva, akanilaumu kwa kumzika mtu bila kuwaita watani wake. Akasema Tabora nzima hakuna aliyewahi kumtukana vizuri kama mama yule. Watakuja, akasema. Nikadhani ni maneno ya adabu tu. Mtu mwenye cheo chake, atakumbuka kweli?

Jumapili mchana nimekaa barazani, nikasikia kilio. Gari la jeshi limesimama mlangoni. Meja amevaa gunia, kiunoni amejifunga majani, kichwani ana sinia bovu. Nyuma yake askari wawili wa kwao na bibi mmoja wa Kizaramo anayeuza vitumbua sokoni. Wanaomboleza, na Meja ameshika kiuno, anamwiga Mama Kulwa: "Mzaramo mvivu wewe, hata mkate unataka utafuniwe!" Majirani wakaanza kutoka.

Nilitaka niinuke niwazuie. Lakini niwaambie nini mbele ya majirani?

Mama Kulwa akatokea uani, mikono imejaa unga. Alipomwona Meja uso wake ukachanua, akadhani ni utani wa mtu aliyerudi safari.

"Nani kafa, enyi wakwea minazi?"

Bibi wa vitumbua alinyamaza wa kwanza. Sinia likaanguka. Meja akamtazama mama, akanitazama mimi, akavua gunia polepole.

"Mumeo ndiye aliyetuambia," akasema. "Pale kwenye dansi. Alikuja na mwingine, akasema ndiye mkewe."

Mama Kulwa hakulia. Aliwaambia wakae, msiba ni msiba, leo marehemu atawaandalia mwenyewe. Akaleta chai, akaleta mikate ya moto. Watani walishika vikombe wasinywe. Bibi wa vitumbua akalia, na safari hii hakuwa anaigiza.

Walipoondoka, mke wangu alijipangusa unga mkono mmoja, kisha wa pili.

"Uliwaambia nimekufa kwa ugonjwa gani?"

Nikasema sikutaja ugonjwa.

"Hata ugonjwa hukunitafutia."

Akafunga kanga zake, akawachukua pacha wetu, Kulwa na Doto, akaenda kwao Kwihara.

Nilituma wazee, wakarudi mikono mitupu. Nikaenda mwenyewe na mbuzi na mablanketi. Kaka yake alinipokea vizuri, kiti nikapewa, maji nikapewa. Halafu akaniambia dada yao aliyeolewa Tabora alishafariki. Mume mwenyewe alitangaza mbele ya jeshi, na wao hawana ubavu wa kumbishia mfiwa. Huyu aliyepo hapa ni mwingine, na hana mume. Nikarudi na mbuzi wangu.

Sasa mjini wananiita Mgane. Wateja wangu wenyewe! Mama Kulwa anaoka mikate ya kijiji cha ujamaa huko kwao. Juzi tulikutana sokoni, uso kwa uso. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yeye akanitangulia.

"Pole na msiba, ndugu."

Akapita, kama mtu anayempa pole mtu baki.

Ninyi mlioinuka kutoka chini kama mimi, nisikilizeni hata kama mmesoma kunizidi. Mkialikwa mahali pakubwa, ingieni na yule aliyewafunga tai. Mimi yangu iko kabatini, nyeusi, nzuri, na sijui kuifunga.