Kipande Kitupu Mwishoni mwa Diski

Bi Waya tulimpa jina hilo sisi wa dirisha la mapokezi, kwa sababu hukumwona hata siku moja bila waya umening'inia shingoni. Ndiye fundi wa kompyuta wa hospitali yetu, na kwa vile meneja wetu ni mkono wa birika, ndiye pia fundi wa simu, feni na kengele ya mlangoni. Mwenyewe halalamiki. Mimi ndiye ninayelalamika kwa niaba yake, na leo nalalamika zaidi.

Seva yetu inakaa kwenye iliyokuwa stoo ya mashuka, nyuma ya maabara. Ndani yake zilikuwamo diski mbili pacha: kila kilichoandikwa kwenye hii kiliandikwa na kwenye ile, ili moja ikifa, nyingine ibaki na kila kitu. Bi Waya alizigawa sehemu mbili, moja ya faili za wagonjwa na nyingine ya picha za kamera, halafu akaacha kipande kidogo kitupu mwishoni. Nilimuuliza ni cha nini. Akanieleza kwamba diski hazilingani sawasawa hata zikiandikwa ukubwa mmoja. Ukinunua mpya ikapungua kiasi cha ukucha, inakataa kuwa pacha wa ile ya zamani, na hapo kile kipande ndicho kinachokuokoa.

Siku moja meneja akakiona kwenye skrini.

"Hii nafasi inakaa bure ya nini?"

Akaelezwa.

"Mama, mimi sikununua hewa. Zipe kamera."

Bi Waya alibishana naye mpaka sauti ikamkauka, kisha akafanya alivyoagizwa, maana bosi ni bosi.

Haukupita muda, dizeli ya jenereta ikaibwa. Aliyekuwa zamu getini ni mdogo wake Bi Waya, kitinda mimba wao, ambaye dada mtu ndiye aliyemwombea kazi. Walipomnyooshea kidole, kijana hakubabaika. "Fungueni kamera," alisema. "Mtaniona pale getini, sikubanduka." Kamati ya nidhamu ikapanga kuzitazama picha Jumatatu, na ikapiga marufuku mtu yeyote kuzigusa kabla ya hapo, hasa Bi Waya, kwa kuwa ni dada wa mtuhumiwa. Hapo sikuwa na neno. Hata mimi ningekataza.

Ijumaa asubuhi diski moja ikafa. Pacha wake alikuwa mzima kabisa, nasema hivi ili mtu asije akanigeuzia maneno. Diski mpya ikanunuliwa upesi, Bi Waya akaichomeka, akaiamuru ijigawe kama ile ya zamani. Ikakataa. Ilikuwa imepungua kidogo mno, kidogo cha kuchekesha, ila hakuna aliyecheka.

Akaenda kwa meneja, nami nikiwa palepale na mafaili yangu ya kusainiwa. "Bosi, niruhusu niipunguze sehemu ya kamera kidogo tu, irudi ilivyokuwa mwanzo. Hakuna picha itakayopotea."

"Usiguse! Kamati imesema nini? Rudisha hiyo dukani wakupe inayoenea."

Dereva akaenda dukani, akakaa huko kama aliyekwenda posa, akarudi alasiri na nyingine iliyopungua vilevile. Wakati huo diski iliyobaki ilikuwa imeanza kugonga ndani, ko, ko, ko, na Bi Waya amekaa mbele yake ameshika tama. Meneja alipousikia ule mlio, marufuku yote yakamtoka kichwani. "Hamisha! Anza na wagonjwa!"

Na kinachoniuma ni kwamba hapo alikuwa na haki. Humo mlikuwa na watu wa kisukari, wajawazito, watoto wa chanjo. Bi Waya akaigawa diski mpya kwa mkono wake, sehemu ya kamera akiipunguza ili itoshe, akahamisha faili za wagonjwa kwanza, zikaingia zote. Kisha akaanza picha za kamera, zile za zamani zikitangulia. Hazikufika nusu. Mlio ukakoma na diski ikawa kimya. Picha zilizopona zinamwonyesha paka akivuka uwanja miezi mitatu kabla ya wizi.

Jumatatu Bi Waya akasimama mbele ya kamati akasema diski imekufa. Wakatazamana. Mmoja akacheka puani: "Imekufa kwa wakati mzuri." Meneja, aliyejua kila kitu, aliyekula kile kipande kwa mdomo wake mwenyewe, alikuwa anachezea simu. Neno moja tu lingetosha kuwasafisha wale ndugu wawili. Hakulitoa, na sitamsamehe. Hospitali nzima ikaamua kwamba dada mtu kafuta, na kama kafuta, basi kijana kaiba. Kesho yake kijana akafukuzwa kazi.

Alileta sare dirishani kwangu, imefuliwa na kupigwa pasi. Bi Waya akatoka kule stoo akamkuta.

"Mdogo wangu."

"Dada, kwa nini hukuanza na zangu?"

"Kulikuwa na wagonjwa."

"Hilo najua. Ningekuwa wewe, ningefanya hivyohivyo." Akalaza kofia juu ya shati. "Nakuuliza lingine. Wewe mwenyewe, uliamini ningeonekana pale getini?"

Bi Waya akafumbua mdomo. Nilimwombea ajibu upesi, jamani, hata kwa kichwa tu. Akazungusha ule waya wa shingoni kidoleni, akamtazama mdogo wake, akautazama mlango. Kijana alingoja kadiri mtu mwenye heshima anavyoweza kungoja, kisha akatuaga sote wawili vizuri, akatoka.

"Niliamini," Bi Waya akasema.

Mimi tu ndiye niliyesikia. Kijana alikuwa ameshafika getini, amesimama mikono juu, na mlinzi mpya alikuwa anampekua mfuko.