Nyasi Chini ya Maji

Nyasi mbichi zikizama siku moja zina harufu yake, kama pumzi ya ng'ombe anayecheua. Juzi niliisikia kwenye bonde moja la Kitanga nilikokwenda kutazama shamba, nikasimama palepale. Nisikilizeni.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alitutoa Muyama kuja kununua shamba la Mzee Bitaliho. Namtaja jina, wanawe wakinuna, wanune. Kwetu mkishanywa pombe mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake, mauziano yamekwisha. Kurudi nyuma ni aibu. Basi Bitaliho akaitanguliza pombe ya ndizi. Chemchemi ya shamba tukaenda kuiona baadaye, midomo ya wakubwa ikinuka ndizi.

Maji yalijaa, yanang'aa. Nikachuchumaa kutafuta kaa, maana Muyama kila chemchemi isiyokauka ina kaa wake chini ya mawe. Hakuna kaa, hakuna hata chura. Chini ya maji nikaona nyasi za malisho zimesimama wima, kijani kabisa, na mavi ya mbuzi hayajalainika.

"Baba, hapa jana palikuwa pakavu."

Enosi, dalali wa Bitaliho, akacheka mpaka akashika kiuno. "Mzee, kumbe umekuja na bwana shamba!"

"Bwana shamba mwenye kamasi," Bitaliho akadakia. "Binti, kunywa maji, acha maneno."

Baba hakucheka. Aliinama, akang'oa unyasi mmoja, akauviringisha vidoleni, akautupa. "Nyamaza, Adela. Wakubwa wanaongea."

Bitaliho na Enosi walikuwa wameyafungulia maji kwa jembe kutoka mfereji wa juu, kwa siku ile tu. Tulipohamia, mbuzi walikuwa wanalala pale. Kiangazi kizima mimi na mdogo wangu Yohana tulichota kwenye dimbwi la ng'ombe. Tukaharisha damu wote wawili. Nilipona mimi. Shule nikaiachia darasa la tatu. Njia ya ndoo ilikuwa ndefu kuliko ya daftari.

Miaka yote niliwalaani watu wawili, nikidhani Baba hakuona. Juzi bondeni niliinama, nikang'oa unyasi, nikauviringisha vidoleni, na mkono wangu ukanikumbusha mkono wake. Aliona. Aliona vizuri kama mimi. Ila alikuwa ameshaunyonya mrija, akaona bora anyamazishe mtoto kuliko aaibike mbele ya mtungi. Sasa nawataja watatu, na wa tatu ni baba yangu mzazi.

Zabroni, kijana aliyekuwa ananiuzia, alikuwa ameshatenga mtungi kivulini. "Mama, karibu kwanza tukate kiu, mengine baadaye."

"Nitarudi Septemba, mwanangu, jua likishaunguza. Nikimkuta kaa hapa, nitakunywa."

"Mama huyu ananunua shamba au kitoweo?" akawauliza wenzake.

Wakacheka. Wacheke. Nilichekwa hivyohivyo nikiwa na miaka tisa, na katika watu wote waliosimama pale, aliyesema kweli alikuwa mwenye kamasi.