Mgao wa Diski Nne

Kosa lilikuwa langu, ingawa kwa miaka mingi nimelisimulia kana kwamba lilikuwa la wenzangu. Nimeona niliseme hilo mapema, nikiwa bado na moyo wa kulisema.

Tulikuwa watu wanne katika ofisi ndogo mjini Moshi, upande wa Rau, na kazi yetu ilikuwa kukusanya sauti za wazee. Tulipanda mlimani na kinasa sauti, tukakaa jikoni mwa watu, tukasikiliza mfereji fulani ulichimbwa na ukoo gani na kihamba fulani, yaani shamba la ukoo, kilipita mikono ya nani, kisha tukashuka na kaseti. Mkubwa wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa Rombo, mwenye miaka sitini na moja, na sote tulimwita Mwalimu. Sekretari alikuwa mama wa Machame, mwenye mwandiko wa kupendeza na umri ambao, kwa maneno yake mwenyewe, ulikuwa arobaini na tisa. Dereva alikuwa na hamsini na tatu na hakuona sababu ya kuficha. Mimi nilikuwa wa mwisho, binti wa Marangu wa miaka ishirini na saba, mwenye cheti cha kompyuta na maringo yasiyolingana na cheti chenyewe.

Wafadhili walituletea kompyuta kubwa ya kuhifadhia sauti hizo. Ndani yake kulikuwa na kadi ya RAID, ubao wa kijani ambao kazi yake ni kuzishika diski kadhaa na kuzifanya zionekane kama moja. Diski zilikuwa nne, kila moja kwenye kidroo chake chenye mkono wa kuvutia, zimepangana kutoka juu hadi chini. Nilipigana na kadi ile siku mbili. Unawasha mashine, unawahi kubonyeza vitufe viwili, ukichelewa kwa chafya moja tu unaanza upya. Mara inaona diski tatu, mara nne, mara inapiga king'ora mpaka dereva anatoka mbio kuangalia gari. Kumbe waya mmoja ulikuwa haujakaa sawasawa. Niliukandamiza kwa kidole gumba, king'ora kikanyamaza, na mimi nikatangaza kwamba nimefanya marekebisho ya kitaalamu.

Mwalimu alitaka kujua mashine inafanyaje kazi. Nami, badala ya kumjibu kwa kifupi, nikamtolea mhadhara. Nilimwambia afikirie mbuzi. Kwetu mbuzi hakatwi ovyo, kila kiungo kina mwenyewe, na mgao hufuata umri. Basi kadi hii, nikasema, nayo inagawa. Sauti moja inakatwa vipande, kila diski inapewa chake, na mwizi akiiba diski moja hapati kitu cha kusikiliza. Tena kadi ina ujanja wa ziada, kwamba diski moja ikifa, tatu zilizobaki zinaweza kuyarudisha yaliyokuwa ndani yake. Nikavuta kidroo kimoja kuwaonyesha kinavyotoka kirahisi, nikakirudisha. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Sekretari alinitazama kama mtu anayekariri.

Sikueleza jambo moja, kwamba kila diski lazima irudi kwenye nafasi yake. Sikueleza kwa sababu sikufikiri kuna binadamu atakayezitoa.

Na kuna jambo la pili ambalo sikulisema popote. Baada ya kuhamishia sauti kwenye mashine, nilizirudia kaseti kwa kurekodia wazee wengine juu ya sauti za kwanza. Kaseti zilikuwa chache na mimi nilikuwa na uhakika. Mojawapo ilikuwa ya mama yake Mwalimu, tuliyemrekodi nyumbani kwake huko Mkuu, Rombo, miezi michache kabla hajafa. Hakukuwa na sauti yake nyingine popote duniani. Mwalimu alikuwa amewaahidi ndugu zake kwamba mwishoni mwa Januari, kwenye misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, watamsikia mama yao.

Desemba ikafika, na Desemba Mchagga hazuiliki, lazima apande nyumbani. Niliondoka siku tatu kabla ya wenzangu. Siku iliyofuata wezi wakavunja duka la jirani na ofisi yetu. Mimi nilikuwa Marangu nikimenya ndizi, sina habari.

Mkesha wa Krismasi mchana, gari la ofisi likaingia kwetu. Dereva akashuka na furushi la magazeti lililofungwa kwa kamba ya mgomba.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia.

"Marahaba, dada. Mgao wako huu kutoka ofisini."

Nilidhani ni nyama. Mama naye alidhani ni nyama, maana alishatanguliza sinia. Nikafungua, nikakuta diski.

"Nyingine ziko wapi?" nikauliza.

"Usihofu. Yangu iko Kiboriloni, nimeifungia sandukuni. Ya sekretari iko Machame. Mwalimu kaenda na yake Rombo. Si wewe ulisema mwizi akipata moja hana kitu? Sasa mwizi wa kuzipata zote nne itabidi auzunguke mlima mzima."

Nilitafuta kosa katika hoja ile nikalikosa. Walikuwa wamenielewa kuliko nilivyojielewa. Mama alimkaribisha dereva pombe ya mbege, nami nikaiweka diski kabatini kati ya vikombe vya wageni, na sikukuu yote nikawa nalifungua kabati kuiangalia.

Januari tukarudi. Diski ya sekretari ilikuja imeviringishwa kwenye kitenge safi. Ya dereva ilikuja nzima. Mwalimu akaiweka yake mezani kwa mikono miwili, nyeusi kwa masizi, inanuka kama mahindi ya mbegu. Alikuwa ameiweka darini mwa jiko, juu ya mafiga.

"Pale ndipo mama alipokuwa anaweka mbegu," alisema. "Hakuna kilichowahi kuharibika pale."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikaishia kusema ahsante. Nikaijaribu diski ile, ilikuwa imekufa kabisa. Lakini moja tu kufa, tuliruhusiwa. Shida ilikuwa nafasi. Diski zote zilifanana kama mayai na hakuna aliyezitia alama.

"Nani alizitoa?" nikauliza.

"Mimi," alisema sekretari. "Mwalimu alisema tugawane kama mbuzi, kwa umri. Nikazivuta kutoka juu kushuka chini, mkubwa akapata ya juu, mdogo ya chini."

Nilitaka kumkumbatia. Mila ilikuwa imeniandikia orodha. Nikaweka ya Mwalimu juu, ingawa ni maiti, ya dereva chini yake, ya sekretari ya tatu, yangu ya mwisho. Nikawasha. Kadi ikapiga king'ora, kisha ikaandika kwamba haitambui mpangilio, na ikaniuliza kama nianze upya. Kuanza upya maana yake ni kufuta kila kitu. Nikazima haraka.

Nikajaribu mpangilio mwingine kwa kubahatisha, na mwingine tena. Safari ya tatu kadi ikajitolea kuzikarabati diski yenyewe, na nilijua ikizikarabati zikiwa zimekaa vibaya, itasaga vipande vyote pamoja na hakuna atakayevitenganisha. Nikaondoa vidole kwenye vitufe kama vina moto. Mipangilio inayowezekana ni ishirini na minne, na mimi sikuwa na ujasiri wa kuendelea hata kwa wa nne. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Alisema tu kwamba dada yake kapiga simu kutoka Dar, kesho anapanda basi kuja kwenye misa. Nilimwogopa siku ile kuliko nilivyowahi kumwogopa baba yangu.

Alipotoka na dereva kwenda posta, sekretari akafunga mlango.

"Mwanangu, uliziweka vipi?"

"Kwa umri, mama, kama ulivyosema. Mwalimu, dereva, wewe, mimi."

Alikunja kitenge chake, akakikunjua, akakikunja tena.

"Jaribu kunitanguliza."

"Kabla ya dereva?"

"Kabla ya Mwalimu."

Nilipiga hesabu na hesabu ikakataa kuingia kichwani. Huyu alikuwa akimwamkia Mwalimu shikamoo kila asubuhi, na dereva pia, kwa adabu ya kuinama kidogo.

"Na shikamoo zote zile?"

"Shikamoo haichubui ngozi," alisema. "Wangejua umri wangu wangenistaafisha zamani, na nyumbani kuna watu wananitegemea. Karatasi niliidanganya. Lakini mgao ni mgao. Mtu hadanganyi kwenye mgao."

Nikapanga: diski ya sekretari juu, ya Mwalimu ya pili, dereva, mimi. Nikawasha. Kadi ililia mara moja, ikasema diski ya pili haifanyi kazi, kisha ikaendelea kuwaka kimya kimya, na majina ya wazee wetu yakaanza kushuka kwenye skrini. Sekretari alijifuta macho, akaniambia nikifungua mdomo atanilaani kwa lugha ya kwao. Sikufungua. Ndiyo kwanza nafungua leo, naye alishastaafu kwa raha zake. Habari ya kaseti sikumwambia hata yeye.

Mwalimu aliporudi aliuliza nimefanyaje.

"Nimekisia."

"Umekisia vizuri," alisema, akavuta kiti. "Niwekee."

Akakaa kama alivyozoea anaposikiliza kaseti, ameegemea, mguu mmoja juu ya mwingine. Kwanza tulisikia kuku, kisha moto, kisha kikongwe anakohoa. Akaanza kueleza, kwa Kichagga cha Rombo, siku alipoolewa. Hata hajafika kwa bwana harusi akajikatiza. Mwalimu alikuwepo siku ile ya kurekodi, amekaa kwenye kigoda karibu naye, na mama mtu alikuwa amemwona.

"Wewe," ilisema sauti ile, "shusha mguu. Unakaaje hivyo mbele yangu?"

Mwalimu akashusha mguu. Akanyoosha mgongo, akaweka mikono magotini, akabaki hivyohivyo mpaka mwisho, robo tatu ya saa nzima. Hakuna aliyecheka, hata mimi.