Wifi Yangu na Kichwa cha Cherehani

Wifi yangu ni fundi cherehani, na nyumba yake ndiyo ya mwisho kuelekea mtoni. Ukimkuta kazini utadhani amenuna, maana midomo kaibana. Kumbe ameuma pini. Akizitoa tu, ujue utataniwa. Mimi ameniita Roho Juu tangu nilipoolewa na kaka yake, na jina limenata mpaka watoto wangu wanalitumia wakidhani sisikii.

Silikatai. Nyumba yangu iko kilimani, lakini kila asubuhi nateremka kuutazama mto. Nautazama kama maziwa yaliyo jikoni: ukigeuza shingo tu, yamefurika.

Asubuhi moja jua lilikuwa kali, hakuna wingu hata la dawa. Lakini mto ulikuwa umegeuka rangi ya udongo, umebeba majani mabichi na migomba mizima. Mawe tunayofulia nguo hayakuonekana tena. Nikajua mvua imenyesha huko mto unakotoka. Nikakimbia kwa wifi.

"Wifi, toka! Maji yanakuja."

"Yanakuja na nani?" akasema kwa pembe ya mdomo, pini zikichezacheza. "Na jua lote hili! Wewe Roho Juu, ukipiga chafya tu unaaga watoto."

"Mto umebadilika rangi, wifi."

"Acha nimalizie mkono wa pili wa sare hii, mwenyewe anaifuata mchana. Na maji hayajawahi kuvuka kizingiti changu."

Majirani waliokaa barazani wakacheka. Wao walikwishainua vitanda vyao juu ya matofali, wakaona basi, wamemaliza kazi.

Ningeweza kumbembeleza mpaka jioni. Lakini namjua: roho yake haimshughulishi, ila cherehani ile aliachiwa na marehemu mama yake, na hata mumewe haruhusiwi kuipangusa vumbi. Alipoinama kuokota chaki, nikauvua mkanda kwenye gurudumu, nikakichomoa kichwa cha cherehani mezani, nikajitwika. Vichwa viwili, mtu mmoja. Nikatoka mbio.

Kisha nikasikia pini zikitemwa.

"Mwizi! Mwizi jamani! Mshikeni Roho Juu!"

Ukelele wa mwizi hauulizwi maswali. Aliyekuwa anasonga ugali akaja na mwiko, mwenye mtoto akaja naye mgongoni, bibi wa nyumba ya pili akaja na mkongojo wake, na ndiye aliyekuwa na hasira kuliko wote. Bondeni kote wakanifuata hadi kilimani.

Nilifika barazani kwangu. Wifi akaninyang'anya mzigo wake, akaikagua sindano kwanza, mimi baadaye.

"Umerukwa na akili?"

Nikanyoosha kidole nyuma yake. Maji yalikuwa yamefika mlangoni kwake, na yaliingia bila hodi. Watu wakahesabiana, kisha wakahesabiana tena. Wote tulikuwepo. Ile sare ya mteja ikatoka dirishani ikielea, mkono mmoja juu, kama inatuaga.

Wifi akaitazama. "Afadhali sikuwa nimeweka vifungo," akasema. Bibi wa mkongojo ndiye aliyeanza kucheka.

Jirani mmoja akataka kurudi kuchukua redio yake. Nilifungua mdomo, lakini wifi alishamdaka shati.

"Redio inanunuliwa, shemeji. Kaa chini."

Maji yalipopungua, tulimsaidia wifi kukomba matope. Siku hizi mto ukibadilika rangi, haulizi jua liko wapi. Anakichomoa kichwa cha cherehani mwenyewe, anajitwika, anapanda kilimani kwa madaha. Mimi namfuata na furushi la vitambaa, nikipiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Mwizi! Mwizi jamani!" Na bondeni kote watu wanafunga mizigo yao, wanabeba watoto, wanatufuata huku wakicheka.