Gramu Moja Iliyopotelea Mlimani

Walimwita Bi Gramu, na jina halikumsumbua. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa fundi mizani, akibeba mawe yake ya kupimia ndani ya kisanduku cha mbao kama mwenziwe abebavyo mtoto mchanga. Mumewe alizoea kusema mkewe hupima hata salamu.

Asubuhi moja mdogo wake alimpigia simu. Alikuwa dereva, akitoa dhahabu kiwandani bondeni na kuipeleka karakana ya masonara juu mlimani.

"Dada, wamenisimamisha kazi. Kila kilo mbili zikifika huku zimepungua gramu moja. Wanasema nakwangua."

"Unakwangua?"

"Dada!"

"Nimeuliza tu."

Alipanda mlimani siku hiyohiyo. Msimamizi wa karakana alimpokea kwa uso wa mtu aliyekwisha kata shauri. Mizani yake ya umeme ilikuwa mpya, ndugu pacha wa ile ya kiwandani. Zote mbili zilirekebishwa kule bondeni. Bi Gramu hakubishana. Alifungua kisanduku, akaweka juu ya mizani hiyo jiwe lake la kilo mbili, lenye muhuri wa serikali.

Mizani ikaandika: 1,999.

"Na hili langu," aliuliza, "nani amelikwangua?"

Msimamizi aliinama kusoma tena. Bi Gramu akamweleza: uzito ni mvuto wa dunia, na kadiri unavyopanda ndivyo mvuto unavyolegea. Dhahabu ni ileile. Mizani tu haijaambiwa kwamba imehamia juu.

"Kwa hiyo hata mimi nimepungua?"

"Kidogo. Suruali haitajua."

Kabatini palikuwa na mizani ya zamani ya sahani mbili. Waliweka dhahabu huku, jiwe kule. Mkono wa mizani ukatulia sawasawa, maana mlima ulikuwa umevilegeza vyote kwa kiasi kimoja. Kisha Bi Gramu akairekebisha ile ya umeme palepale, hadi jiwe likasoma 2,000.

Dereva alirudishwa kazini. Msimamizi alimwambia, "Mambo ya mashine haya, bwana," na hiyo ndiyo ikawa pole.

Wakiteremka kwa gari, kwenye kona ya tatu mdogo wake alisema:

"Ulinishuku, dada."

"Nilikuuliza."

"Ni yaleyale."

Mwezi uliofuata mdogo wake aliacha kazi ile, akaenda kusafirisha vigae, mzigo ambao hakuna aliyejali gramu zake. Simu alikuwa akipiga, ila siku hizi alianza kwa kuomba kuzungumza na shemeji.