Nyumba ya Kobe wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipokuja kuishi nasi Lushoto, alishuka kwenye gari na sanduku, gunia la mchele na tenga kubwa lililofunikwa khanga. Nikajua ni kuku. Mtu akitoka Magoma, kule tambarare kwenye joto, kuja milimani kumtembelea binti yake, atakosaje kuja na kuku? Nikalipokea lile tenga kwa mikono miwili nikingoja kelele. Halikutoa sauti, na lilikuwa zito kama limejaa mawe. Nikafunua pembe ya khanga. Jicho dogo jeusi likanitazama juu ya shingo yenye makunyanzi, bila hofu na bila heshima.

“Mwambie mumeo asiwainamishe,” mama mkwe akamwambia mke wangu. “Kobe hawapendi kulala ubavu.”

Nami nilikuwa nimesimama pale pale, tenga kifuani.

Ndivyo tulivyokuwa tunaishi, mimi na yeye. Vijana wa siku hizi hukaa na wakwe zao sebuleni wakitazama mpira pamoja, lakini mama mkwe wangu ni Mshambaa wa zamani, na mimi nililelewa na bibi aliyenifundisha kwamba mkwe anaheshimiwa kwa mbali. Asubuhi nilimwamkia nikitazama chini, “Shikamoo, mama,” naye akaitikia “Marahaba” akitazama upande wa dirishani. Basi. Mengine yote yalipita kwa mke wangu. Tangu nioe nilikuwa sijawahi kubadilishana naye maneno yanayotosha kujaza kikombe.

Alikuwa ameanguka kisimani, nyonga ikaumia. Hospitali walimwambia asiishi peke yake, na ajitahidi kutembea kidogo kila siku. Mke wangu alimbembeleza kwa simu mpaka akakubali, ila kwa sharti moja: kobe waje. Marehemu mumewe ndiye aliyewaokota wangali wadogo, pori la mkonge wa zamani lilipokuwa linafyekwa, na watu wa maliasili walishawaandikia kibali chao. Dume lilikuwa kubwa kama sufuria ya kupikia wali wa shughuli. Jike lilikuwa dogo kidogo na lenye haraka zaidi.

“Kule walilala barazani,” mke wangu aliniambia jioni ile. “Hapa watakufa kwa baridi. Mama anauliza kama utawatengenezea mahali ndani.”

Mimi ni seremala. Vitanda vyangu viko katika nyumba nyingi za mji huu, na kabati zangu ndizo ninazojivunia zaidi. Ukiniambia nitengeneze kitu cha kukaa ndani ya nyumba anamoishi mama mkwe wangu, siwezi kupigilia mbao mbili nikasema tayari. Nilichagua saiprasi iliyokauka vizuri. Nikapiga randa mpaka mbao ikawa laini kama shavu. Nikatengeneza kabati refu la ghorofa mbili, dume chini na jike juu, mbele nikaweka wavu wa waya ili waonekane, bawaba za shaba, na vanishi mara mbili ndani na nje. Nikaliweka sebuleni. Majirani walikuja kulitazama. Mmoja akauliza kama naweza kumtengenezea la vyombo.

Kobe hawakulipenda. Kutwa nzima walisukuma ule waya kwa pua, kwa sababu waliona nje na hawakuelewa kwa nini hawafiki. Sakafu yenye vanishi iliwatelezesha. Miguu ilipiga kasia lakini mwili haukuondoka mahali. Usiku walikwaruza kuta mpaka mke wangu akaingiza kichwa chini ya mto. Wiki haikuisha pua ya jike ikawa na kidonda.

Mama mkwe aliyaona yote. Siku moja nikiwa nakunywa chai, nikamsikia akisema na mke wangu chumba cha pili, kwa sauti ya kutosha kunifikia.

“Mwambie mumeo kabati ni zuri sana. Mwambie sijawahi kuona zuri kama hilo. Ila si la kobe.”

Nilicheka mpaka chai ikanipalia, ingawa iliniuma pia kidogo. Mke wangu hakupoteza nafasi. Siku hiyo hiyo aliwatoa kobe, akasugua kabati kwa maji ya moto na sabuni, akapanga humo sahani zake za wageni.

Nikaenda kumwuliza daktari wa mifugo. Alikiri kwamba kazi yake ni ng’ombe na kuku, kobe hajawahi kumtibu hata mmoja, lakini akampigia simu mwenzake aliyesoma naye, wakazungumza kwa muda mrefu huku mimi nikingoja kwenye benchi. Alipokata simu alinieleza: kobe hapandi ghorofa, anatembea. Mpe upana, usimpe urefu. Kuta ziwe za mbao tupu asione nje. Chini weka udongo mkavu na nyasi, achimbe. Upande mmoja uwe na joto na mwingine uwe na ubaridi, achague mwenyewe. Na awe na pahali pa kujificha penye giza.

Nyumba ya pili niliijenga sebuleni, kutokana na kitanda cha wageni. Nilikata miguu, nikazungushia mbao za ubavuni, nikatandika karatasi ya nailoni, nikamwaga udongo. Kwenye kona niliweka kisanduku kilichofunikwa, chenye mlango kama wa mzinga. Nyasi kavu nilipewa na rafiki yangu anayefuga ng’ombe wa maziwa huko Kwai, alinijazia gunia na kunisindikiza kwa kicheko, “Nyasi za ng’ombe wangu zinakwenda kutandikia kobe!” Duka la pembejeo nikapata taa nyekundu ya kulelea vifaranga. Nikaitundika kwa mnyororo, juu vya kutosha isiunguze nyasi.

Safari hii walitulia. Jike alizunguka nyumba nzima akikagua, akachimba, akalala. Dume akaenda moja kwa moja chini ya taa, akanyoosha miguu yote minne na shingo, akawa kama mtu aliyelala ufukweni. Mama mkwe aliketi kwenye kigoda kando yao akichambua maharage, na nikimpita nilimsikia akiwasemesha kwa Kishambaa, sauti ya chini, kama mtu anayesimulia wajukuu.

Kisha ukaja mwezi wa sita.

Anayeishi Lushoto anaujua. Ukungu unashuka asubuhi na kukaa mpaka saa sita, nguo hazikauki, watu wanatembea na makoti sokoni. Mwaka ule baridi ilikuja na kukatika kwa umeme. Taa ilizimika mchana, ikawaka jioni, ikazimika tena alfajiri. Tulijaza maji ya moto kwenye chupa na kuwawekea ubavuni, lakini chupa hupoa. Jike alipunguza kula. Dume aliacha kabisa. Mama mkwe alimletea majani ya viazi vitamu na mchicha, akamsogezea ua jekundu la uani ambalo zamani alikuwa akilifuata popote. Dume alifumba macho.

Mama mkwe mwenyewe naye akabadilika. Nyonga ilimkaza kwa baridi, akawa hatoki chumbani. Jioni moja mke wangu alikuja kwangu machozi yakimlengalenga.

“Mama anasema ahsante kwa yote. Anasema Jumamosi anarudi Magoma na kobe wake.”

“Kuna nani huko?”

“Hakuna mtu. Lakini kuna joto.”

Nilijiona fundi bure, mtu aliyeshindwa na wanyama wawili wasiojua hata kulalamika.

Kesho yake mke wangu alikwenda shuleni anakofundisha. Nilikuwa karakana yangu ya uani, napima miguu ya meza, nikasikia hodi. Nilipogeuka nilimwona mama mkwe mlangoni, khanga kichwani, amejishikiza kwenye mwimo. Alikuwa amevuka uwanja wote peke yake.

“Baba,” akasema. Alinitazama usoni. “Dume hayumo.”

Nilidondosha penseli. Katika miaka yote ile hakuwahi kuniambia neno zaidi ya “Marahaba” bila kupitia kwa mwanawe, na neno lenyewe ndilo hilo.

“Hayumo vipi, mama?”

“Hayumo! Nimetia mkono kisandukuni, nimefukua nyasi. Amepanda juu ya kisanduku akaruka. Huyu mzee mvivu ambaye hata ua hafumbulii jicho!”

Tulitafuta pamoja. Nilimpa mkono wa kujishikiza, naye akaushika bila kufikiri. Tulitazama chini ya makochi, nyuma ya mlango, bafuni. Nililala kifudifudi nikachungulia chini ya kitanda chake, jambo ambalo bibi yangu angezimia kulisikia. Yeye alisimama juu yangu akielekeza: “Kushoto, baba. Hapo penye viatu. Si hapo, kule!” Nikatoka na vumbi puani na kandambili moja iliyopotea tangu Idi.

Mwisho tukafika stoo, chumba kidogo kilicho nyuma ya jiko, tunamoweka viazi na maharage. Nyuma ya magunia, mahali ambapo sikudhani hata panya angepenya, tulimwona. Alikuwa amejibana ubavu mzima ukutani, shingo imenyooka, kidevu kimeegemea tofali. Macho yalikuwa wazi.

Mama mkwe aliinama kwa shida, akaweka kiganja ukutani juu ya gamba lake. Kisha akasema, “Weka mkono hapa.”

Nikaweka. Ukuta ulikuwa wa moto kama mkate uliotoka kuokwa. Upande wa pili wa tofali zile ndipo lilipo jiko letu la kuni, ambalo mke wangu huwasha alfajiri na ambalo halizimi mpaka baada ya chakula cha usiku. Umeme ukatike usikatike, ukuta ule haupoi. Miaka yote nimeishi katika nyumba ile na sikuwahi kuugusa.

Tulitazamana, mkwe na mkwe, viganja vyetu kwenye ukuta mmoja, na yeye akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko cha msichana, kikali, cha kushika mbavu. Nami nikacheka, na dume akarudisha kichwa ndani kwa kuudhika.

“Ametafuta nyumba yake mwenyewe,” akasema akifuta macho. “Sisi tunamsumbua tu.”

Tulianza kazi mchana ule ule. Niliburuta magunia ya viazi nikayapeleka karakana. Nilibomoa nyumba ya kitanda na kuijenga upya kwa kipimo cha stoo, ubavu mmoja ukiwa ni ule ukuta wenyewe. Safari hii kisanduku cha kujificha nilikiweka katikati, mbali na kuta, mtu asikigeuze ngazi. Taa ya vifaranga niliitundika upande wa joto, isaidie umeme ukiwepo. Upande wa pili nilitoboa ukuta wa nje chini kabisa, nikaweka kijimlango chenye pazia la mpira wa tairi, ili siku ya jua watoke wenyewe uani. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda chake mlangoni akitoa amri. Udongo zaidi. Huo si mkavu. Hapo pana ncha ya msumari, papasa uone. Tulizungumza. Alinisimulia jinsi marehemu alivyowaleta wale kobe nyumbani ndani ya kofia yake, mmoja juu ya mwingine, na jinsi yeye alivyomkemea mumewe kwamba nyumba haina nafasi. Nilimsimulia kabati la kwanza nililowahi kutengeneza, ambalo milango yake ilifunguka yenyewe kila gari lilipopita barabarani.

Mke wangu aliporudi shuleni alitukuta tunabishana kuhusu nyasi, kila mmoja na sauti yake. Alisimama ukumbini, mkoba begani, hakuthubutu kuingia.

“Kuna nini?” akauliza.

“Hakuna kitu,” mama yake akamjibu. “Tupishe, tuna kazi.”

Dume alikula siku chache baadaye. Alianza na jani la kiazi kitamu, akalitafuna taratibu kama anayehesabu meno asiyokuwa nayo, na mama mkwe aliniita nije nione. Jumamosi ikafika, gari za kushuka Mombo kuelekea tambarare zikapiga honi stendi, na hakuna aliyetaja Magoma. Mke wangu aliogopa hata kuuliza. Alipika wali wa nazi, tukala sote chumba kimoja, mama akiwa kwenye mkeka wake na mimi kwenye kiti changu, ingawa bado anageuka pembeni anapotafuna. Heshima haikwisha. Ilisogea karibu tu.

Sasa misimu kadhaa ya baridi imepita. Ukungu ukiwepo kobe hubaki ndani wakiegemea ukuta wao, na jua likitoka tunasikia pazia la mpira likipiga: kwanza jike, kisha dume. Mama mkwe huwafuata na fimbo yake kuhakikisha hawaingii kwenye mboga. Hawa wanyama husemwa kwa uvivu, lakini asubuhi yenye jua wana mwendo. Huzunguka uwanja wote, wanapita nyuma ya karakana, wanarudi, naye nyuma yao akigomba. Daktari wa hospitali alipompima mara ya mwisho alimsifu kwa kutembea vizuri, akamwuliza anafanya mazoezi gani.

“Ninachunga,” mama mkwe akamjibu.

Leo asubuhi, nikiwa napiga randa, nilimsikia akiniita kutoka bustanini kwamba dume kaingia kwenye kabichi za jirani, nikamtoe haraka kabla mwenyewe hajarudi kutoka sokoni. Nimeruka ua. Kabichi moja imekwisha liwa nusu, nami nimeigeuza, upande usioliwa uelekee njia atakayorudia mwenyewe.